Mwenye Hekima Huambilika

Somo la Biblia kwa ajili ya nyumba na vikundi

Someni kwanza: Mithali 9:7–10, Mithali 15:31–33, 1 Samweli 25:2–38, 2 Samweli 12:1–14.



Jioni moja katika darasa la kipaimara kijana mmoja aliniuliza swali ambalo sikulitazamia. Tulikuwa tukisoma habari za mfalme Sulemani, jinsi alivyoomba hekima kule Gibeoni. Yule kijana akainua mkono, akasema, "Mwalimu, mtu mwenye hekima nitamjuaje nikimwona?"

Sikumjibu upesi. Nikawauliza wenzake. Mmoja akasema, "Utamjua kwa mvi zake." Mwingine akasema, "Ni yule aliyesoma sana." Wa tatu akasema, "Ni mtu asiyesema maneno mengi." Binti mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, "Ni yule ambaye watu humwendea wakiwa na shida." Majibu yote hayo yana ukweli ndani yake. Lakini sote tunawajua wazee wenye mvi wasio na busara, na wasomi waliowaharibia watu maisha, na wanyamavu walionyamaza kwa sababu hawana la kusema.

Nikawaambia nitawajibu juma lijalo. Nilipofika nyumbani nikaanza kukisoma kitabu cha Mithali tangu mwanzo hata mwisho, nina penseli mkononi, nikitia alama kila mahali panapomtofautisha mwenye hekima na mpumbavu. Nilipomaliza niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka yote niliyokisoma kitabu hicho. Alama zangu nyingi sana zilikuwa penye jambo moja, nalo ni kuonywa. Kitabu cha Mithali hakiulizi kwanza mtu anajua nini. Kinauliza: akiambiwa kosa lake, hufanya nini?

Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili. Mtu asiyesikia tunasema, "Fulani haambiliki." Na tukisha kusema hivyo, tumemaliza habari zake. Anaweza kuwa na mali, na elimu, na cheo, lakini kama haambiliki tunajua mwisho wake utakuwa mgumu. Somo letu la mwezi huu ni hilo: mwenye hekima huambilika.

1. KITABU CHENYEWE

Kitabu cha Mithali kina sura 31. Kwa sababu hiyo Wakristo wengi wamezoea kusoma sura moja kila siku ya mwezi, kama vile Kitabu cha Sala kilivyozigawa Zaburi kwa siku 30, asubuhi na jioni. Ni desturi njema, nami nawasihi mwijaribu.

Sura 9 za kwanza ni maneno ya mzazi akimfundisha mwanawe. Kutoka sura ya 10 tunakuta mithali fupi fupi za Sulemani. Halafu sura ya 25 inatuambia kwamba mithali zinazofuata zilinakiliwa na watu wa mfalme Hezekia. Angalieni jambo hilo. Hezekia alitawala zaidi ya miaka 200 baada ya Sulemani. Watu wake hawakusema, "Hayo ni ya zamani, yamepitwa." Waliyakusanya wakayaandika, kusudi wao wenyewe na watoto wao wafundishwe.

Sura ya 30 ni maneno ya Aguri, na sura ya 31 inaanza kwa maneno ya mfalme Lemueli, ambayo mama yake alimfundisha. Basi hata mfalme amewekwa katika Maandiko akiwa mwana aliyeketi kusikiliza maonyo ya mama yake juu ya pombe na juu ya haki za maskini. Tena kuna sehemu inayoanzia sura ya 22 mstari wa 17 ambayo inafanana mno na mafundisho ya mwalimu mmoja wa Misri ya kale aitwaye Amenemope. Maandiko yake, yaliyo juu ya karatasi ya mafunjo, yamehifadhiwa London katika British Museum, nayo yalichapishwa mwaka 1923. Wataalamu wengi wanaona kwamba wenye hekima wa Israeli waliyajua mafundisho hayo, wakayatumia wakiyaweka chini ya kumcha Bwana.

Jambo hili lisitutie hofu, bali litufurahishe. Kitabu kinachofundisha kusikiliza, chenyewe kilisikiliza. Kilipokea neno jema kwa baba, kwa mama, kwa wazee wa zamani, hata kwa mgeni.

2. WATU WANNE WA MITHALI

Ukisoma kwa uangalifu utawaona watu wanne wakipita katika kitabu hiki. Hawatofautiani kwa mali wala kwa ukoo. Wanatofautiana kwa namna wanavyopokea maonyo.

Wa kwanza ni mjinga. Katika Mithali mjinga si mtu mbaya. Ni mtu ambaye bado hajafundishwa, mara nyingi kijana. Huamini kila neno analoambiwa (14:15). Hatari yake ni kwamba akikutana kwanza na mdanganyifu, atamfuata huyo. Lakini bado yuko tumaini. Kitabu chenyewe kinasema mwanzoni kwamba kimeandikwa ili kumpa werevu (1:4), na kwamba huweza kujifunza hata kwa kuona mwingine akiadhibiwa (19:25, 21:11).

Wa pili ni mpumbavu. Huyu ameambiwa, amesikia, lakini njia yake mwenyewe anaiona imenyoka (12:15). Neno moja la maonyo humwingia mwenye busara ndani zaidi kuliko fimbo 100 zinavyomwingia mpumbavu (17:10). Huyarudia yale yale aliyoumizwa nayo jana.

Wa tatu ni mwenye mzaha. Huyu amepita mpumbavu. Ukimwonya hacheleweshi kukuchukia. Atakucheka, atakuvunjia heshima, atawahadithia wenzake (9:7–8). Kwa hiyo hawaendei watu wenye hekima, asije akaambiwa neno (15:12). Ukitaka kumjua, tazama marafiki zake: wote humsifu.

Wa nne ni mwenye hekima. Je, yeye hakosi? Mithali haisemi hivyo. Mwenye hekima naye hukosa, naye huonywa. Ila akionywa humpenda yule aliyemwonya (9:8), huzidi kuwa na hekima (9:9), na sikio lake hukaa kati ya wenye hekima (15:31).

Sasa sikieni neno la kutisha. Sura ya 26 imempiga mpumbavu kwa mithali nyingi, moja baada ya nyingine, kisha katika mstari wa 12 inatuonyesha mtu ambaye tumaini lake ni dogo kuliko la mpumbavu. Ni nani huyo? Ni yule anayejiona mwenyewe kuwa ana hekima. Wazee wetu walisema nyani haoni kundule. Bwana wetu naye alisema juu ya mtu anayeona kibanzi katika jicho la ndugu yake na boriti iliyo katika jicho lake haioni (Mathayo 7:3–5).

Ndugu msomaji, usiwatafute watu hawa wanne kwa jirani. Wote wanne wamo ndani yetu. Mimi nikionywa na Padre naweza kuwa mwenye hekima, nikionywa na mke wangu nikawa mpumbavu, nikionywa na kijana niliyemfundisha mimi nikawa mwenye mzaha.

3. NABALI NA DAUDI

Katika 1 Samweli 25 tunawaona watu wawili wenye hasira. Nabali ni tajiri, ana kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Daudi yuko nyikani na watu wake, nao wamewalinda wachungaji wa Nabali. Siku ya kukata manyoya Daudi anaomba chakula, Nabali anamtukana. Daudi anajifunga upanga, anatoka na watu 400, naye ameapa kuwaua wanaume wote wa nyumba ile.

Mtumishi mmoja wa Nabali anaona hatari inakuja. Je, anakwenda kwa bwana wake? Haendi. Anakwenda kwa Abigaili, mke wa Nabali, na katika mstari wa 17 anamweleza sababu: bwana wetu ni mtu mbaya, hakuna awezaye kusema naye. Hayo ndiyo maafa ya mtu asiyeambilika. Siku ya hatari inafika, watumishi wake wanajua, mkewe anajua, hata wachungaji porini wanajua, yeye peke yake hajui. Alikwisha kuufunga mlango siku nyingi, na sasa habari ya kumwokoa haina pa kupita.

Abigaili anapanda punda, anakwenda kumkuta Daudi njiani. Anainama, anasema kwa heshima, lakini maneno yake ni maonyo ya kweli kabisa: ukimwaga damu bila sababu na kujilipizia kisasi, jambo hili litakuwa mzigo moyoni mwako siku utakapokuwa mtawala. Fikirini ilikuwa aibu gani kwa jemadari kugeuzwa njiani na mwanamke mbele ya watu 400 wenye panga. Lakini Daudi alimshukuru Mungu kwa kumtuma, akamshukuru Abigaili kwa busara yake, akageuka na kurudi. Damu haikumwagika.

Baadaye, Daudi alipokuwa mfalme, alimchukua mke wa Uria, kisha akamwua Uria kwa hila vitani. Nathani alipokuja kumwonya (2 Samweli 12), Daudi alikuwa na uwezo wa kumnyamazisha kwa neno moja tu. Hakufanya hivyo. Alikiri kwamba amemtenda Bwana dhambi. Dhambi yake ilikuwa kubwa kuliko matusi ya Nabali, nayo ilileta msiba mkubwa katika nyumba yake. Hatuwezi kuipunguza. Lakini mlango wake ulikuwa wazi, na kwa mlango huo rehema ya Mungu iliingia.

4. SULEMANI NA MWANAWE

Mtu anaweza kuuliza, "Je, Sulemani mwenyewe?" Ni swali la haki. Biblia inasema alinena mithali 3,000 (1 Wafalme 4:32). Hata malkia wa Sheba alikuja kumjaribu kwa maswali magumu. Lakini sura ya 11 inatuhuzunisha. Moyo wake uligeuzwa kwa wake zake wengi, akajenga mahali pa kuabudia miungu ya kigeni. Na mistari ya 9 na 10 inatuambia kwamba Bwana alikuwa amemtokea mara mbili na kumwonya juu ya jambo hilo hilo, naye hakushika.

Basi mtu aliyewafundisha wengine kusikia maonyo, mwisho wa siku zake yeye mwenyewe hakuyasikia. Hili ni onyo kali kwetu sisi tunaofundisha, tunaohubiri, tunaoandika katika gazeti hili. Kujua mithali si sawa na kuambilika.

Rehoboamu mwanawe akafuata. Watu walimwomba awapunguzie mzigo wa baba yake. Wazee walimshauri awatumikie watu na kuwajibu kwa maneno mema. Tazameni 1 Wafalme 12:8. Kwanza aliliacha shauri la wazee, ndipo akawauliza vijana wenzake. Hakuwauliza ili ajue lililo jema. Alikuwa amekwisha kuamua, akitafuta wa kumwitikia. Je, sisi hatufanyi hivyo? Tukishauriwa neno tusilolipenda tunakwenda kwa mwingine, na mwingine, mpaka tumpate atakayesema, "Uko sawa kabisa." Rehoboamu alimpata, na makabila 10 yakamwacha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

5. HABARI YANGU MWENYEWE

Sikukusudia kuandika sehemu hii. Lakini naona si haki kuwaandikia juu ya Nabali na Sulemani nikajificha mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mweka hazina wa mtaa mmoja wa kijijini. Tulikuwa tukichanga fedha za kuezeka kanisa. Waumini walitoa kidogo kidogo, wengine fedha, wengine kuku au mahindi ya kuuza, mpaka tukapata fedha za mabati 24. Wakati ule nyumbani kwangu palikuwa na shida. Nikachukua sehemu ya fedha zile. Niliwaza moyoni kwamba nakopa tu, nikiuza korosho zangu nitarudisha. Nikanunua mabati 18, nikaiambia halmashauri kwamba bei imepanda. Kweli bei ilikuwa imepanda kidogo, na uwongo uliochanganyika na kweli kidogo ndio uwongo mgumu. Msimu wa korosho ukaja, na shida nyingine ikaja pamoja nao.

Jioni moja akaja bibi mmoja wa Umoja wa Akina Mama. Alikuwa mzee, hakujua kusoma. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi mkekani, akauliza habari za watoto na za shamba. Mke wangu alipoingia jikoni, bibi akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, kila fedha za bati moja zilipotimia nilitia punje moja ya hindi katika kikopo. Punje zangu ni 24. Mabati yaliyofika ni 18."

Nilikasirika sana. Nikamwambia, "Bibi, wewe unajua mahesabu?"

Akajibu, "Mahesabu siyajui, mwanangu. Kuhesabu najua."

Nikaanza kumweleza habari za bei. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasimama, akasema, "Sijamwambia mtu. Nimekuja kwako kwanza." Akaaga, akaenda zake.

Siku tatu sikumwamkia bibi yule. Nilipomwona njiani nilipita njia nyingine. Nilitafuta moyoni mwangu kosa lake ili nipate kusema, "Hata yeye." Kila neno la Mithali juu ya mwenye mzaha lilikuwa langu siku zile. Jumapili ikafika, tukapiga magoti sote kwa ungamo, kama tufanyavyo kila Jumapili. Ndipo nilipoona ubaya wangu. Kila juma nakiri mbele ya Mungu na kanisa zima kwamba mimi ni mkosaji, wala sioni aibu. Lakini mtu mmoja amenitajia kosa moja, lenye hesabu yake, nami nimemfanya adui.

Baada ya ibada nilikwenda kwa Padre nikamwambia yote. Akanipeleka mbele ya halmashauri, nikasema tena. Niliuza baiskeli yangu na mbuzi wawili, mabati 6 yakanunuliwa. Kazi ya uweka hazina nikaondolewa, wala sikurudishiwa tena daftari, na ilikuwa haki. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Kwa miaka mingi mabati yale 6, upande wa sakristia, yalionekana mapya kuliko mengine, nami kila nilipoyatazama nilikumbuka.

Halmashauri haikujua kamwe ni nani aliyenifanya niungame. Bibi yule hakusema. Alipolala katika Bwana, binti yake aliniambia siku ya mazishi, "Mama alikuwa akikutaja katika sala zake kila jioni. Sisi hatukujua kwa nini." Mithali 27:6 inasema juu ya majeraha atiayo rafiki, kwamba ni ya uaminifu. Mimi nalijua jeraha hilo, nalo liliniponya. Kama asingekuja, ningekopa tena, na mara ya pili ingekuwa rahisi kuliko ya kwanza.

6. JINSI YA KUONYA

Kwa hayo tuliyosoma tunaweza kupata mashauri machache.

Mwendee mtu mwenyewe kwanza. Bwana wetu ameagiza hivyo katika Mathayo 18:15, na Mithali 25:9 inasema tuzungumze na jirani mwenyewe wala tusiitoe siri ya mwingine. Siku hizi wako watu wanaomwonya mwenzao katika kikundi cha simu, mbele ya watu 50. Huko si kuonya, ni kuaibisha.

Chagua saa yake. Abigaili alipomrudia mumewe alimkuta amelewa. Hakumwambia neno lolote mpaka asubuhi, pombe ilipomtoka (1 Samweli 25:36). Mtu mwenye njaa, mwenye hasira au aliyelewa hana masikio.

Sema unalolijua. Bibi yule hakuniita mwizi. Alisema 24 na 18. Anayejibu kabla ya kusikia ni mpumbavu (18:13), na anayeonya kabla ya kuuliza naye ni vivyo hivyo.

Jitazame kwanza. Je, unakwenda ili ndugu yako apone, au ili ujione u bora kuliko yeye? Kama unaifurahia safari hiyo, usiende bado.

Lakini hapa sina budi kusema neno moja la tahadhari. Kumwendea mtu faraghani ni kwa ajili ya kumpata ndugu, si kwa ajili ya kuficha uovu. Mtoto akiumizwa, mwanamke akipigwa, mnyonge akidhulumiwa, haifai kusema, "Tulimalize kimya kimya." Wa kwanza kutunzwa ni yule anayeumia, na wenye mamlaka waambiwe mara moja. Hata Mathayo 18 haiishii faraghani. Inaendelea mpaka mashahidi, tena mpaka kanisa.

7. JINSI YA KUONYWA

Kuonya ni kugumu, lakini kuonywa ni kugumu zaidi.

Kwanza, nyamaza. Neno la kwanza linalotujia kinywani tukiambiwa kosa ni neno la kujitetea. Liache lipite.

Pili, usiulize, "Yeye ni nani hata aniambie?" Uliza, "Je, ni kweli?" Naamani alipona ukoma kwa sababu alisikia maneno ya kijakazi, kisha ya watumishi wake (2 Wafalme 5). Shimei alipomlaani Daudi na kumtupia mawe, Daudi aliwakataza watu wake wasimguse, akasema labda Bwana ndiye amemwagiza (2 Samweli 16:5–12). Hata adui anaweza kuwa na ukweli mmoja mkononi. Chukua ukweli, mawe mwachie.

Tatu, tengeneza kwa matendo. Zakayo hakusema tu kwamba anasikitika. Aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Toba isiyorudisha bati ni maneno.

Nne, mshukuru aliyekuonya, hata kama itakuchukua siku tatu kama ilivyonichukua mimi. Wazazi, hili linatuhusu sana. Twapenda kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini watoto wetu watajifunza kuambilika kwa kutuona sisi tukiambiwa. Mtoto aliyewahi kumsikia baba yake akisema, "Umesema kweli, nimekosa," amepata urithi ambao hauuzwi.

MWISHO

Kule Antiokia Paulo alimpinga Petro mbele ya watu, kwa sababu Petro alijitenga na Wakristo wa Mataifa kwa kuwaogopa watu (Wagalatia 2:11–14). Kosa lilikuwa mbele ya watu wote, na maonyo yakawa mbele ya wote. Petro alikuwa mkubwa kati ya mitume. Angeweza kuweka uchungu maisha yake yote. Lakini fungueni Waraka wa Pili wa Petro 3:15. Paulo anaitwa humo ndugu mpendwa, na inatajwa hekima aliyopewa.

Juma lililofuata nilimjibu yule kijana wa darasa la kipaimara. Nilimwambia, "Mwanangu, mwenye hekima hutamjua kwa kumtazama, wala kwa kumsikiliza akisema. Ngoja siku atakapoambiwa kosa lake. Mtazame siku hiyo, na siku ya tatu yake." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi, mwalimu, juzi ulikosea ulipotaja jina la baba yake Nabothi." Darasa lote likacheka. Nilifungua Biblia, nikatazama, nikaona amesema kweli. Nikamshukuru. Na mwaka ule alipopokea kipaimara nilijua kwamba amelishika somo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kati ya watu wanne wa Mithali, wewe huwa nani ukionywa na mtu mdogo kuliko wewe?
2. Kwa nini mtumishi wa Nabali hakwenda kwa bwana wake? Je, nyumbani kwako au kazini kwako wapo watu wanaoogopa kukuambia kweli?
3. Sulemani alijua mithali 3,000. Alikosa nini?
4. Yupo mtu aliyekuonya zamani na hujamshukuru? Kama yu hai, utamwendea lini?
5. Katika mtaa wetu, viongozi wakikosa, waumini wanayo njia ya kuwaambia kwa heshima? Kama haipo, tufanyeje?

SALA

Ee Mungu, uliyemtuma Nathani kwa Daudi na Abigaili njiani, usituache tukaenda peke yetu katika upofu wetu. Utupe rafiki watakaotuambia kweli, na masikio ya kuwasikia. Utuondolee kiburi kinachofunga mlango, na woga unaotunyamazisha mbele ya kosa. Na tukikosa, utupe neema ya kukiri, na ya kurudisha tulichokichukua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.